Marehemu Anamimina Kahawa

Björknäset, Dalarna
14 Februari 1937

Kwa Ndugu Algot Sjödin, mwandishi, Stockholm

Ndugu Mwandishi,

Pokea salamu za kikundi chetu cha usomaji. Sisi ni watu wa kawaida tu: watu wa reli, madobi, fundi mwashi, na mimi ambaye ni mpishi wa shule ya watu wazima hapa kando ya ziwa. Kila Jumatano tunakusanyika jikoni kwangu, maana ndiko kwenye joto, tunasomeana kitabu kwa zamu, halafu tunajadili kwa utaratibu kama ilivyo desturi: mwenyekiti, katibu, nyundo, na mkono juu kabla ya kusema.

Majira haya ya baridi tumesoma riwaya yako, *Vumbi la Msonobari*. Ni kitabu kizuri. Wale waliowahi kufanya kazi kwenye viwanda vya mbao wanasema unanusa utomvu ukikifungua. Lakini tulipofika pale Elin anapokufa kwa kifua, kulizuka zogo. Bi Hedström, dobi wetu, alisimama bila kuruhusiwa, akasema, "Hafi huyu! Msichana mwenye ulimi ule, afe kwa aya mbili tu, kimya, hata hajamtukana mtu? Mimi sikubali." Fundi mwashi akamwambia akae chini, kwamba mwandishi ndiye anayejua. "Anajua nini?" akasema Bi Hedström. "Alikuwepo?"

Mwenyekiti wetu Ossian, mkaguzi wa tiketi mstaafu, akagonga nyundo na kutaka hoja ipigiwe kura. Ikapigiwa. Kwa wingi mkubwa, kikao kimeamua kwamba kifo cha Elin hakijathibitishwa, na kwamba mwandishi aombwe maelezo. Najua riwaya si bajeti ya chama cha wafanyakazi, lakini hapa kwetu jambo likishapigiwa kura ndiyo basi.

Kwa hiyo nauliza kwa niaba ya kikundi: kifo kile ulikiona kwa macho yako?

Natumia mashine ya kuchapa ya shule. Utusamehe herufi zinazoruka.

Wako katika harakati,
Katibu wa Kikundi

*

Stockholm
22 Februari 1937

Ndugu Katibu,

Nimeshaandikiwa na maprofesa, na mchungaji mmoja amenitaka nitubu, lakini kupigiwa kura ndiyo mara ya kwanza. Nilicheka peke yangu mpaka Bi Lovisa mwenye nyumba akachungulia. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu Bi Hedström ameuliza swali ambalo magazeti yote hayakuniuliza.

Hapana, sikuwepo.

Nitawaambia ninyi, maana mmenisoma kwa haki. Elin aliitwa Tekla. Mimi nilikuwa mbeba mbao kule Granskär, kaskazini, kwenye mdomo wa mto. Unaweka mbao begani juu ya kipande cha ngozi, unakwenda nazo juu ya njia ya ubao mmoja unaonesa, na kama hatua yako haiendi na mneso wa ubao unaanguka na mzigo wako. Huko ndiko nilikojifunza kuandika. Nilikuwa natunga sentensi huku nimebeba, na sentensi iliyonivuruga hatua niliitupa. Tekla alikuwa chini, akiokota vipande na wanawake wengine. Alikuwa akinipigia kelele, "We Algot, unaongea na nani huko juu? Na malaika?" Nikamwambia naongea naye. Ndivyo tulivyoanza.

Baada ya mgomo tulioufanya kiwandani jina langu likawa baya kwa mameneja wote wa pwani ile. Nikaja Stockholm kupakua makaa bandarini. Tulikuwa tukiandikiana. Nilimwambia nitamfuata nikipata chumba chenye jiko. Kifua kikuu kikamshika, na mama yake ndiye aliyemuuguza.

Aprili ya mwaka 1930 rafiki yangu Valfrid, aliyekuwa kwenye boti ya kukokota magogo, alipita mbele ya nyumba yao. Aliona shuka nyeupe zimetundikwa madirishani, na misonobari miwili iliyokatwa vilele imesimamishwa mlangoni. Mnajua maana yake: ndani kuna maiti. Ilikuwa nyumba ya wanawake wawili, mmoja mgonjwa mahututi. Nani angeuliza zaidi? Kiwanda kilikuwa kinafungwa, watu wanatawanyika kama maganda ya mbao mtoni, na sikujua nimwandikie nani.

Nikaanza kuandika kitabu. Namwona hata sasa. Hupanda tramu mbele yangu na kofia yake ya buluu, nami hushuka kituo kisicho changu. Asubuhi za ukungu nikisimama daraja la Slussen husikia mtu akiniuliza naongea na nani. Kwa hiyo mwambie Bi Hedström kwamba kifo kile nilikiota. Nakiota bado.

Kwa heshima,
Algot Sjödin

*

Björknäset
7 Machi 1937

Algot,

Safari hii naandika kwa mkono. Utaujua mwandiko. Kaa chini kwanza.

Shuka zile nilizitundika mimi.

Mama alikwenda kufua mtoni, kwenye tundu lililotobolewa katika barafu, wakati theluji inaanza kuyeyuka, akarudi anatetemeka, na kabla juma halijaisha alikuwa ameondoka. Mzima aliondoka na mgonjwa akabaki. Nilipanda juu ya kiti na misumari mdomoni, nikitundika shuka zilezile ambazo yeye alikuwa ameziandaa kwa ajili yangu. Ndiyo, alikuwa ameziandaa. Nilizikuta kabatini zimepigwa pasi, pamoja na soksi nyeupe za saizi yangu. Nikasikia honi ya boti mtoni. Huenda ndiye Valfrid. Alikuwa mvivu wa kushuka tangu zamani.

Kisha wakanipeleka sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa kifua. Nililala kwenye baraza la nje ndani ya mfuko wa ngozi ya kondoo, theluji ikiniangukia usoni, miaka mitatu. Huko mtu huwa nusu hayupo. Mawingu yanapita, unasikia jina lako likiitwa ndani ya nyumba, na hujui kama ni kwa ajili ya chakula au kwa ajili ya kuitwa kabisa. Nilingoja barua yako ya rambirambi. Ulimpenda Mama. Nikasema, atachelewa tu, yuko bandarini. Kisha nikasoma gazetini kwamba umetoa hadithi na umekula chakula cha jioni na waheshimiwa, nikasema basi, amekuwa bwana mkubwa. Nikaacha kungoja. Niliponea sanatoria kwa hasira tu, madaktari wanadhani ni hewa.

Sasa unajua kwa nini nilijificha nyuma ya mashine ya kuchapa. Nilitaka kusikia kwanza utasema nini.

Unajua ilikuwa zamu ya nani kusoma Jumatano ile? Yangu. Nilisoma kifo changu mwenyewe kwa sauti, jikoni kwangu, vidole vikiwa na unga. Sikutetereka hata neno. Wote walikuwa wanalia isipokuwa Bi Hedström, aliyekuwa na hasira, na mimi, niliyekuwa nashangaa jinsi nilivyokufa vizuri. Macho yangu si ya buluu, Algot. Ni ya kijivu. Na katika maisha yangu sijawahi kumsamehe mtu kwa upole namna ile.

Ni kitabu kizuri. Nimekisoma tena peke yangu. Lakini nina swali moja na halijapigiwa kura. Ulinililia kurasa mia tatu. Mbona hukuja kunizika?

Tekla Åberg

*

Stockholm
12 Machi 1937

Tekla,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Kisha nikakaa juu ya pipa la makaa la Bi Lovisa. Akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Hakuna. Hakuna aliyekufa." Nikaanza kulia kama mtoto, naye akasema, "Sasa kinachokuliza nini, we baba?"

Nimetembea mjini siku mbili. Theluji inaanguka taratibu na kila kitu kinaonekana kama kimeandikwa na mtu mwingine. Naogopa kulala nisije nikaamka barua hii haipo. Nimeipeleka kwa muuza magazeti nikamwomba anisomee sahihi. Akasoma: Tekla Åberg. Nikanunua gazeti nisilolihitaji kwa shukrani.

Umeuliza, nami nitajibu bila kupamba. Niliogopa. Barua ya Valfrid ilinifikia ukiwa, kwa hesabu yangu, umeshazikwa. Nikajiambia hakuna faida ya kwenda kutazama udongo. Ukweli ni kwamba nisingekwenda hata kama ingewahi. Hapa ningeweza kukuandika ukicheka. Kule ningekukuta umenyamaza. Nilichagua ile iliyonifaa. Na Mama yako, aliyenishonea ngozi ya begani, alikufa bila neno langu hata moja.

Niruhusu nije. Nitakuja kwa treni yoyote utakayoitaja.

Algot

*

Björknäset
3 Aprili 1937

Algot,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa na furaha. Furaha inaniharibia mwandiko.

Njoo katika sikukuu ya kiangazi, Juni. Kikundi kimeamua kukualika rasmi, nami nimeandika mwaliko kama katibu. Huu ni wangu. Hawajui mimi ni nani kwako, na usiwaambie; barua yako ya Februari sikuwasomea, niliwaambia tu kwamba hukuwepo. Nataka unione kwanza mwenyewe, bila watu kukodoa macho. Nimenenepa. Nywele nimekata. Pafu moja madaktari wamelilaza na halitaamka, kwa hiyo napanda ngazi kama bibi kizee na kutukana kila daraja.

Hapa ziwa bado ni barafu, lakini mchana linalia chini kwa chini kama ng'ombe aliye mbali. Nasimama dirishani na kusikiliza. Nimegundua kwamba nakungoja tena. Sikutaka.

Tekla

*

Björknäset
30 Juni 1937

Algot,

Umekuja na umekwenda, na nimeosha vyombo vyote. Sasa naandika.

Siku ile ilianza vizuri, lazima niseme. Mwanga ule wa kiangazi usiojua kuondoka, miti ya birchi imevaa majani mapya, wewe unashuka kwenye basi na kofia mkononi na mvi masikioni. Moyo ulinidunda mpaka nikashika mlingoti wa bendera. Ulisema, "Tekla," nami nikasema, "Umechelewa," tukacheka wote. Kama ungegeuka hapohapo ukarudi Stockholm ningekuwa mwanamke mwenye bahati.

Kisha meza, samaki wa heringi, viazi vipya, na Ossian na nyundo yake hata juu ya majani. "Ndugu Mwandishi," akasema, "kikundi kinauliza. Katika toleo lijalo, Elin hawezi kupona?" Ukasimama. Ulikuwa na sauti ya ukumbini, sijawahi kuisikia. Ukasema, "Elin lazima afe. Bila kifo chake kitabu hakina uti wa mgongo." Wakati huo nilikuwa nakumiminia kahawa. Hukuinua macho. Ulisema "asante" kwa birika.

Bi Hedström akaninong'oneza, "Mwanamume huyu hana huruma hata tone. Mpe ile iliyopoa." Nikakupa ya moto. Mimi ni mpishi na nina heshima yangu.

Nasema tena, sina ugomvi na kitabu. Kitabu kina haki yake. Lakini tulipokwenda kutembea kando ya ziwa ulinitazama kama mtu anayechungulia dirishani akitafuta aliye chumba cha ndani. Nilikuambia habari za jiko jipya la shule, ukaitikia, "Elin alikuwa akitembea karibu zaidi na maji." Nikasogea karibu na maji! Fikiria. Nilisogea, mimi mtu mzima, ili nifanane naye.

Na pale gatini nilipokohoa, ulitia mkono mfukoni. Nikadhani unanitolea leso. Ulitoa daftari.

Nakupenda, na ndiyo sababu sitaki urudi. Sina wivu na mwanamke yeyote wa Stockholm. Lakini na marehemu siwezi kushindana. Hazeeki, hakohoi ovyo, na kila anachosema umekitunga wewe.

Tekla

*

Stockholm
19 Oktoba 1937

Tekla,

Majira yote ya joto sikukujibu, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kizuri mno. Nilikuwa nakisoma na kukuta kimetengenezwa.

Ni kweli lilikuwa daftari. Ni kweli niliandika jinsi unavyogeuzia uso upande wa maji unapokohoa ili usimsumbue mtu. Nilipanda basi nikiwa na furaha ya mwizi. Nilipofika nyumbani nikalifungua nikaona nimeandika kuhusu shingo yako, mkono wako, na rangi ya ziwa, wala sikuandika kwamba ulikuwa unaumwa, kwa sababu sikuwa nimekuuliza. Nimeona aibu ambayo haina mahali pa kuiweka.

Mchapishaji wangu anataka kitabu cha pili, utoto wa Elin. Nimejaribu. Nikiandika kwamba alitabasamu, nasikia sauti: "Sikutabasamu, jino lilikuwa linaniuma." Nikiandika kwamba alitembea ufukweni akiota ndoto, nasikia: "Nilikuwa natafuta kuni, we baba." Elin alikuwa akikubali kila kitu. Wewe hukubali hata mkato. Nilijaribu kutembea chumbani na sentensi begani kama zamani, na kila moja ilinivuruga hatua. Juma lililopita nilikwenda kwa mchapishaji nikamwambia kitabu hakipo. Aliniuliza kama nimeishiwa. Nikamwambia nadhani hivyo, na nikashuka ngazi zake mwepesi kabisa, nikapotea njia ya kwenda nyumbani, nikakaa kwenye kibaraza cha kanisa nisilolijua nikitazama majani yakianguka na sikuyatafutia neno.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kitu kukuhusu. Sijui unapenda kula nini wakati humpikii mtu. Sijui kinachokukasirisha mbali na mimi. Sijui kama huwa unaimba, kama unamwamini Mungu, kama usingizi unakuja upesi. Miaka yote nimekuwa nikiuliza na kujijibu mwenyewe kwa niaba yako.

Niambie. Sitayaandika popote. Yule niliyempenda alikuwa kimya, na nimemchoka; huyu anayenigombeza namtaka mpaka naogopa. Ukisema hapana, nitaelewa, ila usiniambie kwa upole.

Algot

*

Björknäset
11 Novemba 1937

Algot,

Napenda heringi iliyoungua pembeni, na viazi vya jana vilivyokaangwa, nikila nimesimama. Nakasirishwa na watu wanaogongagonga kijiko kikombeni. Naimba, vibaya, na Bi Hedström anasema ndiyo maana panya wamehama. Mungu tunaheshimiana kwa mbali. Usingizi unakuja upesi lakini hauendi na mimi mbali. Kabla ya mapambazuko niko tena kwenye baraza lile, theluji usoni, na nasikia naitwa. Huwa sijui ni nani anayeita. Zamani nilidhani ni Mama.

Nimewaambia kikundi. Nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunasoma kitabu kingine cha kuchosha mno, nikainua mkono, nikapewa ruhusa, nikasema, "Elin ni mimi." Kisha Bi Hedström akapiga meza: "Nilisema! Nilisema msichana yule hafi!" Ossian akagonga nyundo, akasema iandikwe kwamba kikundi kilikuwa sahihi, akafunga kikao, akatoka nje kupenga kamasi.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukuambia Juni, kwa sababu siku ile nilitaka kuwa mzuri. Kile kikohozi hakikuwa cha upepo. Daktari wa mjini Falun amenipiga picha ya kifua tena, na kwenye pafu langu zima kuna kivuli. Anasema huenda ni kovu la zamani, huenda ni ugonjwa umeamka, nirudi Januari. Nilimuuliza anadhani nini mwenyewe. Akafuta miwani yake. Kwa hiyo unayemwomba ni mwanamke ambaye huenda anaishi na huenda anakufa, na mimi sijui ni ipi, wala wewe hutapata kuamua safari hii. Pima hilo vizuri. Hakuna atakayekulaumu ukibaki Stockholm, mimi nikiwa wa kwanza.

Kama unakuja, njoo sasa. Novemba hapa ni mbaya. Ziwa halijaganda wala si maji, kunakucha kwa saa chache tu na hata hizo ni za kijivu, hakuna mgeni anayekuja kutazama. Mkata kuni wa shule ameacha kazi na chumba chake kina jiko, moshi wake unarudi ndani lakini unazoeleka. Kazi ni kupasua magogo na kubeba. Kubeba begani unajua.

Sitakuja kukupokea kwenye basi, ni siku ya kuoka mkate. Pita mlango wa jikoni. Usinitafute mtu mwingine ndani yangu, nipo mwenyewe, na aproni chafu. Nimekupenda miaka yote hii peke yangu, Algot, ukiwa mbali, ukiwa maarufu, ukiwa mpumbavu, na kazi hiyo ni nzito kwa mtu mwenye pafu moja. Njoo ushike upande wako.

Tekla